Lami ya mtaani kwetu Ngamiani: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu naifanyia barazani, Ngamiani, hapa Tanga, na barabara inapita mbele yangu mchana kutwa. Wasioijua Ngamiani wajue kwamba barabara zake zimenyooka na zinaitwa kwa namba, ya kwanza mpaka ya 21. Mgeni akitajiwa namba na kona, anafika bila kuuliza tena.

Nianze na sifa, maana zipo za kweli. Kabla ya lami, kanzu za Idi nilizishonea ndani, dirisha nimelifunga, joto la Tanga mnalijua. Nikitoka nazo nje, lori moja tu likipita, kitambaa cheupe kinabadilika rangi kabla hata sijakata kola. Sasa nashona nyeupe barazani na mteja anakaa pembeni akisubiri. Wazee wanakwenda msikitini alfajiri bila kuvuka madimbwi. Bajaji zinazokubali kuingia mtaani kwetu ni nyingi kuliko zamani, na mama mjamzito habebwi tena mpaka barabara kubwa. Na kwa mji wetu ambao baiskeli ni usafiri wa kila mtu, lami laini ni neema. Tanga ilikuwa miongoni mwa miji iliyoingizwa kwenye mradi wa miji ya kimkakati, pamoja na Arusha, Mwanza, Dodoma, Mbeya, Mtwara na Kigoma, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sisi tuliozaliwa hapa tofauti tunaiona kwa macho.

Sasa niseme lililonifanya nikae niandike. Watu wakisifia barabara wanaangalia lami. Mimi nawaomba waangalie mtaro.

Mtaa wetu una mtaro wa zege upande mmoja, umefunikwa kwa slabu. Kila slabu ina matundu mawili ya kuingizia ndoano za chuma, na kuinyanyua kunataka wanaume wawili wenye nguvu. Humo ndani, masika yanapokaribia, utakuta mchanga umejaa zaidi ya nusu, na juu yake vifuu vya madafu, chupa za plastiki, na vipande vya vitambaa ambavyo najua kabisa vimetoka kwa mafundi wenzangu. Vijana wa mtaa huamka wakazibua, lakini mchanga wanaurundika pale pale ukingoni. Mvua ya kwanza tu, wote umerudi ulikotoka! Nimelisema hili kwenye mkutano wa mtaa na nitaendelea kulisema: kuzibua mtaro bila kuondoa mchanga siku ile ile ni kazi bure.

Mtaro ukiziba, maji yanapanda kwenye lami na kutuama ukingoni. Yanapenya kwenye ufa mdogo mpaka tabaka la kokoto lililoko chini, linalainika, na gari zito likipita lami inabonyea. Ufa wa leo ni shimo la mwezi ujao. Mtaa jirani, ambako mtaro unapitisha maji vizuri, lami yao bado imekaza ingawa ilimwagwa wakati mmoja na yetu. Sisi tayari tuna viraka.

Kero yangu nyingine ni slabu moja kwenye kona. Ilivunjika baada ya lori la vifaa kuikanyaga wakati kazi zinamaliziwa, ikaachwa hivyo. Watoto wa madrasa wanapita hapo magharibi giza linaingia. Tuliweka tairi kuukuu kuwa alama. Nilipofuatilia nilielezwa jambo ambalo kila mkazi anapaswa kulijua: barabara ikikabidhiwa, kuna muda wa matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja, ambao mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro zake kwa gharama zake mwenyewe. Muda huo ukipita, ukarabati unasubiri bajeti. Basi piga picha mapema na peleka malalamiko kwa maandishi kupitia serikali ya mtaa. Slabu yetu ilikuja kubadilishwa, ila kwa kufuatwafuatwa sana, na haikupaswa kuwa hivyo.

Jueni pia nani anahusika na nini. Tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, zile kuu za kuunganisha mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu, na taka ni jukumu la Halmashauri ya Jiji. Ukilijua hilo hupotezi nauli. Na msione aibu kufuatilia: tangu bajeti ya 2021 kila lita ya petroli na dizeli iliongezwa shilingi 100 kwa ajili ya barabara za TARURA. Dereva wa bodaboda anayenunua lita mbili anachangia barabara hii, na abiria wake pia anachangia ndani ya nauli.

Huduma nyingine sina la kulalamika sana. Maji yanatoka, na leseni ya biashara siku hizi unaiombea mtandaoni kwenye mfumo wa serikali uitwao TAUSI, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu. Ila wenye nyumba wanaovuta maji, tafadhali: fundi akikata lami asifukie kwa udongo akaondoka. Mkato ule ule ndio mlango wa maji ya mvua.

Kwa jumla, lami naipa alama za juu, mtaro naupa nusu, na usafi wa mtaro sisi wenyewe wakazi ndio tunaoshusha alama. Ninachoomba kabla ya masika ni gari la kubeba mchanga lipangwe siku moja na vijana wanaozibua, na mafundi wenzangu tuwe na gunia la vipande kila mmoja barazani kwake. La kwangu limeshafungwa kwenye mguu wa meza.