4A-GE hadi mizunguko 8,000 kwa hela ya kuungaunga: bolti za konrodi za ARP

Habari zenu wapenzi wa magari, karibuni sana. Leo mezani nina hiki kiboksi kidogo: bolti za konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki) za ARP, kampuni ya bolti za injini za mashindano, kwa ajili ya 4A-GE, ile injini ya Toyota ya lita 1.6 yenye valvu 16. Wengi mnaniuliza namna ya kuifikisha mizunguko 8,000 kwa dakika kwenye gari la kutembelea kila siku, isinoki, na hela ni ya kuungaunga. Mimi nasema hela ya kwanza iende huku chini kwenye bloku, kabla hata hujaulizia bei ya kemshafti, ule mhimili unaofungua valvu.

Nafungua. Kuna bolti 8, nati zake, na kipakiti cha grisi maalumu ya kufungia. Angalieni hapa kwenye ncha: kuna kishimo kidogo. Hapo ndipo geji inapokaa kupima bolti imevutika kiasi gani wakati unaikaza, na ndiyo njia sahihi zaidi ya kuzikaza, kuliko kutegemea spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, peke yake.

Kwa nini bolti? Pistoni ikifika juu kabisa mwisho wa kutoa moshi, hakuna mlipuko wa kuirudisha chini. Inavutwa na konrodi, na kofia ya konrodi, yaani ile nusu ya chini inayokumbatia krenki, imeshikwa na bolti mbili tu. Krenki ya 4A-GE, ule mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni, inaisafirisha pistoni milimita 77. Kwenye mizunguko 8,000, pale juu pistoni inavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 3,600. Na mzigo huo haupandi polepole. Ukitoka 7,000 kwenda 8,000, mizunguko imeongezeka asilimia 14, lakini mzigo umepanda kama asilimia 31. Bolti iliyokaa kwenye injini miaka 30, imefunguliwa na kufungwa na mafundi usiowajua, mimi siiamini kwa kazi hiyo.

Sasa kabla hujalipa, jua injini yako. 4A-GE za mwanzo zina shingo ya krenki (pale konrodi inaposhika) ya milimita 40 na pini ya pistoni ya 18; za baadaye ni 42 na 20, na bloku yake ina mbavu 7 kwa nyuma. Hizo za mbavu 7 ndizo za kutafuta. Muuzaji akikwambia "zote ni zilezile, chukua tu", mwombe akupimie mbele yako.

Kasoro ya bidhaa hii haimo ndani ya boksi, imo kwenye gharama inayofuata. Ukishatoa bolti za zamani na kugonga mpya, kofia inahama kidogo na tundu la konrodi halibaki duara. Lazima zipelekwe karakana ya kukereza zikasawazishwe upya. Bila hiyo beringi itakaa vibaya, na utakuwa umenunua bolti nzuri za kuulia injini. Kama hela ya karakana huna, kwa kweli kaa na zako za kiwandani na uishie 7,500.

Hapo kwenye beringi msiwe wavivu. Pimeni nafasi ya oili kwa ule uzi wa plastiki unaobanwa na kofia, shingo moja baada ya nyingine. Pampu ya oili ya injini hii inazungushwa na krenki moja kwa moja, kwa hiyo inakula mizunguko yote unayoikanyagia, weka mpya. Halafu sampu, lile bakuli la oili chini ya injini: mchomeleaji yeyote mzuri wa mtaani anaweza kukuwekea vibati vya ndani, ili ukikata kona kwa kasi oili isikimbilie pembeni na kuacha bomba la kunyonya likivuta hewa. Ni kazi ya bei ndogo kuliko zote kwenye orodha yangu, na ningeifanya hata kwenye gari lisilozidi 7,000.

Juu kwenye hedi, springi za valvu mpya. Za zamani zimechoka, na springi ikichoka valvu inashindwa kuifuata kemu (jino la kemshafti) na inachelewa kufunga. Chukua ngumu kidogo tu. Ngumu mno zinakula kemu bure. Kemu zenyewe zisubiri. Ile 4A-GE ya nguvu za farasi 140 inatoa nguvu yake yote kwenye 7,200, kwa hiyo ukibadilisha gia karibu na 7,800 unaangukia pazuri kwenye gia inayofuata. Ukija kuweka kemu kali, kumbuka shimu zake, vile vibati vya kurekebishia nafasi ya valvu, zinakaa juu ya kikombe kinachosukuma valvu na zinaweza kuruka.

Wale mliotumia bloku ya 7A, ile Toyota ya lita 1.8 ambayo krenki yake inaisafirisha pistoni milimita 85.5: kwenye 8,000 pistoni yenu inakwenda wastani wa mita 22.8 kwa sekunde, yangu 20.5. Msifuate namba zangu.

Kwa hiyo ARP naipa ndiyo, kwa mwenye konrodi za pini ya 20 na bajeti ya karakana. Kikomo kwenye kompyuta ya injini weka 8,000 kamili, na wiki za mwanzo kiweke 6,500 mpaka ringi za pistoni zikae vizuri.