Maji Meupe Yasiungue Pichani: Ununue Kifaa Gani Kwanza kwa Picha za Maporomoko

Mpiga picha wa Moshi anayepeleka wageni kwenye maporomoko ya Materuni hukutana mara kwa mara na tatizo lile lile: mgeni amesimama mbele ya maporomoko, sura yake imetoka vizuri, lakini maji yaliyo nyuma yake yamekuwa bapa jeupe lisilo na hata mstari mmoja. Picha imeungua. Wengi hukimbilia dukani kununua filta, na hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu filta ya giza, yaani kioo cheusi kinachowekwa mbele ya lenzi, haipunguzi tofauti ya mwanga kati ya povu na jiwe jeusi. Huvifunika vyote viwili kwa kiasi kile kile. Weupe huokolewa na kamera inayokuonya mapema na kukupa faili lenye nafasi ya kurekebishwa. Ndiyo maana katika mpangilio huu kamera imetangulia.

Nafasi ya kwanza ninaipa kamera, hata iliyokwisha kutumika, yenye uwezo wa kuhifadhi faili za RAW (picha ghafi ambayo kamera haijaibana), yenye histogramu (grafu inayoonyesha mgawanyo wa mwanga pichani), na yenye onyo la kumetameta mahali palipoungua. Kipima mwanga cha kamera hujaribu kuifikisha picha nzima kwenye kijivu cha wastani. Bondeni Materuni, au Kinukamori kule Marangu, sehemu kubwa ya fremu ni mwamba uliolowa na majani ya msitu, hivyo kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na povu ndilo linaloumia. Ukiliona onyo linametameta juu ya maji, punguza mwanga kwa stopu moja, yaani kwa nusu, piga tena, kisha angalia kama limetoweka. Sura ya mgeni itakuwa na giza kidogo, lakini hilo hurekebishika: faili la JPEG, lile la kawaida la picha, lina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384, na vivuli vilivyomo huinuliwa baadaye bila kuchafuka sana. Weupe uliokwisha kuungua kabisa haurudishwi na programu yoyote. Baadhi ya kamera, kama Nikon D750 ya mwaka 2014 na D7500 ya mwaka 2017, zina hata namna ya kupima mwanga inayolinda sehemu angavu zaidi, na kwa kazi ya maporomoko huo ni msaada mkubwa.

Ukinunua kamera iliyotumika, Arusha au Moshi, usitoke dukani kabla ya kumulika lenzi kwa tochi ya simu, ukitazama kutokea upande wa pili: kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba zilizotawanyika ndani ya kioo, nayo hufifisha picha hasa panapokuwa na mwanga mkali. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya hivyo hastahili fedha zako.

Nafasi ya pili ni filta ya polaraiza ya duara (jina hilo ni la aina yake, si la umbo). Hupunguza mwanga kwa takriban stopu moja hadi mbili, lakini thamani yake halisi ni kuondoa mng'ao juu ya mawe na majani yaliyolowa, yale madoa meupe madogo ambayo nayo huungua na kuivuruga picha. Povu lenyewe haliathiriki sana, kwa kuwa mwanga wake umetawanyika pande zote. Kuna jaribio rahisi la dukani. Omba kikokotoo cha muuzaji, ishike filta kama itakavyokaa kwenye lenzi, tazama tarakimu kupitia kioo chake, kisha izungushe polepole. Skrini lazima ifikie mahali iwe nyeusi kabisa. Sasa igeuze filta nyuma mbele na urudie. Ikiwa ni ya duara kweli, safari hii haitakuwa nyeusi hivyo. Ikiwa nyeusi pande zote mbili, ni polaraiza ya aina nyingine, ya mstari, ambayo inaweza kuusumbua upimaji wa mwanga na ulengaji wa kamera nyingi.

Nafasi ya tatu ni filta ya giza ya ND8, inayopunguza mwanga mara nane, pamoja na stendi imara, kwa anayetaka maji yaonekane yakitiririka. Asubuhi yenye mawingu, kasi ya 1/30 ya sekunde itashuka hadi 1/4, na nyuzi za maji zitabaki zikitofautiana. Siwashauri wanaoanza kununua ND1000, inayoupunguza mara elfu: kasi ile ile hufikia zaidi ya nusu dakika, na maji huyeyuka yakawa ukungu mmoja unaofanana na picha iliyoungua hata kama haikuungua. Mwenye safari ya Pwani kupiga picha za wanaoteleza juu ya mawimbi hana haja ya filta ya giza kabisa. Yeye anahitaji kasi ya 1/1000 au zaidi, na akiba yake iende kwenye lenzi ndefu.

Nafasi ya nne ni filta ya giza inayozungushwa ili kubadilisha kiwango. Inavutia, lakini za bei nafuu huchora msalaba wa giza ukizifikisha mwisho kwenye lenzi pana. Itazame mbele ya ukuta mweupe kabla ya kulipa.

Ya mwisho ni filta iliyotiwa giza nusu. Imetengenezwa kwa upeo ulionyooka, kama wa bahari au mbuga. Maporomoko hushuka wima katikati ya fremu, na nusu hiyo ya giza itaufunika msitu pamoja na maji.

Kabla ya kununua filta yoyote, soma kipenyo kilichoandikwa kwenye lenzi baada ya alama ya Ø, kwa mfano 58 au 77. Nunua filta ya lenzi yako kubwa kuliko zote, kisha tumia pete za kuunganishia kwa lenzi ndogo.