TAHADHARI: Nyaya za "shaba tupu" za nusu bei, nimeliwa mchana kweupe

Naandika nina hasira, na aibu kuliko hasira, mtanivumilia. Yule jamaa wa nyaya niliyemsifia mpaka baadhi yenu mkaniomba namba yake, ni mwizi. Kama hujamtumia hela, usimtumie. Kama umeshamtumia, pole, karibu chamani.

Mnanijua, mimi si mtu wa kununua kitu gizani. Alikuja mchana, kavaa ovaroli, penseli sikioni. Hakuanza na bei. Aliuliza banda la kuku liko umbali gani na nyumba kubwa, mota ya mashine ya kukatia majani ina nguvu kiasi gani, ghala litawekwa taa ngapi. Nikamwambia nataka roli sita za waya. Akapiga hesabu juu ya kipande cha boksi, akasema, "Mzee, sita utatupa hela bure. Nne zinakutosha." Niambieni, tapeli gani anakukataza kununua? Hapo ndipo aliponimaliza.

Kisha akatoa koleo, akamenya ncha ya waya mbele ya macho yangu. Nyekundu, inang'aa kama bangili. "Ishike, ikunje mwenyewe." Nikaishika, nikaikunja, nikamwita na mama watoto aje aone. Lebo imeandikwa 2.5, yaani unene wa waya kwa milimita za mraba, imeandikwa mita 100, na mhuri juu. Nikalipa zote taslimu. Na chai akanywa kwangu, vikombe viwili!

Jambo hili sikumwambia mtu: roli zote nne nilizibeba kwa mkupuo mmoja hadi stoo, nikajisifu moyoni kwamba uzee bado.

Siku ya tatu ya kukata majani tukasikia harufu ya mpira kuungua. Soketi ilikuwa imelegea kama mshumaa, na juu yake nyasi kavu zimepangwa mpaka darini. Ingekuwa usiku, leo msingekuwa mnasoma haya, mngekuwa mnachangishana. Fundi akazima breka, akachomoa waya, akaukwaruza kwa wembe. Ule wekundu ukatoka kama rangi ya kucha. Ndani nyeupe. Alumini iliyovishwa shaba. Akaniuliza, "Bosi, hizi ulinunua wapi?" Nikajifanya naangalia ng'ombe. (Fundi naye ana lake, alifungaje nyumba nzima bila kuona? Hilo tutalimaliza sisi wawili.) Roli iliyobaki tukaipima: mita 74.

Huyu mtu polisi peke yake hawamtoshi. Afungiwe nyaya zake mwenyewe chumbani kwake, apewe pasi na jiko la umeme, avitumie vyote usiku kucha, mlango umekomewa. Anayejua anakolala aniambie faragha. Sitaki hela yangu tena, namtaka yeye.

Mnaouliza ningemjuaje: uzito. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Roli ya kweli ya 2.5 yenye mita 100 ina zaidi ya kilo mbili za shaba peke yake, plastiki bado. Na mkwaruze, msimenye tu. Kumenya kunakuonyesha ngozi. Alumini haipitishi umeme vizuri kama shaba, ndiyo maana waya wa unene uleule unapata moto ukiweka mota, ila kwa taa moja unaweza kukaa muda mrefu usishtuke. Bei ilikuwa nusu ya dukani, niliiona, nikaiita bahati. Risiti haikuwa na jina la duka, hata hilo nililiona.

Namba yake haipatikani tena. Ila jana jirani kanionyesha picha kwenye simu, ovaroli ileile, penseli ileile, namba mpya. Sasa anauza breka.