Yamaha YAS-280: nimeipuliza vya kutosha, sasa tuongee kuhusu hiyo "sauti ya jazi"

Kila nikisema napuliza YAS-280, saksafoni ya Yamaha, lazima atokee mtu aulize "sasa hiyo si ya wanafunzi, utapataje sauti ya jazi?" Haya, leo naandika mara moja ili nisirudie tena. Ni saksafoni nzuri sana, naipa alama za juu, na sauti ya jazi hutaikuta humo ndani. Ila na kwenye ile ya bei mbaya unayoiota usiku hutaikuta pia.

Tuanze na chombo chenyewe. Ni alto, yaani saksafoni ndogo kidogo kuliko tenor, ina laka ya dhahabu (ipo na ya rangi ya fedha), ina kitufe cha F shapu ya juu, na kile kindoana cha kidole gumba cha mkono wa kulia kinasogezwa, kitu ambacho kinasikika kidogo mpaka usimame na bendi masaa mawili ndo utajua umuhimu wake. Vitufe vya kidole kidogo cha kushoto, pale G shapu, C shapu, B na B bemoli ya chini zinapokaa pamoja, vinateleza vizuri, huhitaji kukamia. Noti za chini zinatoka hata ukipuliza taratibu. Na tyuningi, bana, tyuningi ndo imenifanya niipende, ukiwasha tyuna ukapanda skeli polepole sindano inatulia pale katikati, huhangaiki kubana midomo noti hii na kulegeza ile. Sina la kusema zaidi hapo, ni chombo kinachofanya kazi yake na kukaa kimya.

Sasa mausipisi, ile sehemu inayoingia mdomoni. Inakuja na ile 4C, na hapa ndo watu wengi wanahukumu saksafoni nzima kwa kosa ambalo si lake. 4C ina uwazi mdogo kwenye ncha, kama milimita 1.6 hivi, imetengenezwa ili mtu anayeanza aweze kutoa noti bila kuzimia. Kwa hiyo sauti inatoka safi, nyoofu, yenye adabu. Ukiweka Meyer 5, mausipisi ya kampuni nyingine, ambayo uwazi wake ni kama milimita 1.8, tofauti ni kidogo sana kwa macho lakini mdomoni ni dunia nyingine, pumzi inapita zaidi, sauti inanenepa, unaweza kuikunja noti ukaishusha kidogo halafu ukairudisha. Cannonball Adderley, mpuliza alto maarufu wa jazi, alikuwa mtu wa Meyer, na ukimsikiliza yule utaelewa kwa nini nusu ya wapuliza alto wamejaribu mausipisi hiyo angalau mara moja. Halafu kuna ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi, ambacho kwa bei yake ndo kitu rahisi kuliko vyote na ndo kinaamua siku yako ikoje. Kwenye boksi moja, namba ileile, moja inaimba, ya pili inakoroma, ya tatu haitaki kabisa. Mtu anayelalamikia saksafoni huku anapuliza ridi iliyochoka tangu msimu uliopita mi huwa namwangalia tu.

Basi kuna jamaa wa bendini ana Selmer Mark VI, ile ya Kifaransa iliyoanza kutengenezwa 1954 na ambayo watu wanaiongelea kama mzee wa ukoo. Siku moja baada ya mazoezi tukabadilishana, kila mtu akabaki na mausipisi yake na ridi yake, tukaweka simu kwenye kiti upande wa pili wa chumba ikarekodi, kila mmoja akapuliza melodi ileile kwenye saksafoni zote mbili. Nikiwa nayo mkononi niliapa kwamba Mark VI ina giza fulani tamu, shaba inatetemeka mpaka unaisikia kwenye vidole, nikajiona mtu mzima kweli. Tukawapigia rekodi wenzetu ambao walikuwa nje wakati ule. Nani anapuliza walijua palepale, noti mbili tatu tu, "huyu wewe, yule yeye", lakini anapuliza kipi wakaanza kubahatisha, na mpiga besi, ambaye ana masikio kuliko sisi wote, alitaja Mark VI kwa uhakika kabisa wakati ilikuwa Yamaha. Lile giza tamu nililolisikia halikufika kwenye simu. Mpulizaji anasikia kupitia meno na mifupa ya kichwa, halafu yuko nyuma ya chombo, kwa hiyo anasikia vitu ambavyo msikilizaji hana habari navyo.

Na hili wala si geni, historia ya jazi imelijibu zamani. Mfano ninaoupenda ni Charlie Parker, gwiji wa alto. Tarehe 15 Mei 1953, Massey Hall kule Toronto, jukwaani yuko na Dizzy Gillespie, Bud Powell, Charles Mingus na Max Roach, na yeye mkononi ana Grafton, alto ya plastiki! Mwili wa plastiki ya rangi ya maziwa, vitufe vya chuma, imetengenezwa Uingereza. Sikiliza rekodi ile ya usiku huo bila kuambiwa kitu, ni Parker, na ni Parker yuleyule wa saksafoni zake za shaba. Grafton nyingine ya plastiki miaka michache baadaye ikawa mikononi mwa Ornette Coleman, mpuliza alto mwingine wa jazi, kwenye rekodi zake za 1959, na kile kilio chake hakifanani na Parker hata kwa dawa. Chombo cha aina moja, watu wawili, sauti mbili. Kichekesho ni kwamba ile Grafton ya Parker ilipigwa mnada London mwaka 1994 ikaenda kwa zaidi ya pauni 90,000, sasa iko jumba la makumbusho ya jazi Kansas City. Aliyenunua alinunua kumbukumbu, sauti yenyewe mwenyewe alikwisha ondoka nayo alipofariki 1955.

Ukitaka geuza upande wa pili. Wakongwe wa jazi kama John Coltrane, Sonny Rollins, Stan Getz, Dexter Gordon, wote wamepita kwenye tenor za Mark VI. Kuna mtu mwenye akili timamu anaweza kumchanganya Getz na Coltrane?

Wanasayansi nao wamechungulia. 2008 watafiti wa chuo kikuu cha New South Wales, Australia, walichapisha vipimo vya kinachotokea ndani ya koo na mdomo wakati mtu anapuliza tenor. Kwenye zile noti za juu kabisa, zinazopita vitufe vya kawaida, wakongwe walikuwa wanageuza nafasi ya ndani ya mdomo na koo ili ilingane na noti wanayoitaka, wasio na uzoefu hawakuweza kufanya hivyo na noti zenyewe hazikutoka. Yaani nusu ya saksafoni umezaliwa nayo, na hiyo huwezi kuipeleka kwa fundi. Kinachotetemeka hasa si shaba yenyewe, ni hewa iliyo ndani yake, ndo maana plastiki ya Grafton haikumsumbua Parker.

Lakini sitaki nieleweke kwamba saksafoni ni ileile tu, nunua chochote. Hapana. Kabla ya hii niliwahi kuwa na moja isiyo na jina la maana, pedi, vile vifuniko laini vya matundu, zilikuwa hazifungi sawasawa, hewa inavuja, na ile kitu ilinifundisha tabia mbovu. Noti za chini zilikuwa hazitoki bila kukaza taya, nikazoea kukaza taya. Nikawa naziogopa, kwenye solo nakwepa kushuka chini, mtu akinisikiliza anadhani ndo staili yangu. Hapo ndo chombo kinaingia kwenye sauti ya mtu, kupitia mazoea, kupitia unachothubutu na unachokwepa. Na ile raha ya Mark VI mkononi nayo si bure, ukijisikia mkubwa unapuliza kama mkubwa, unavuta sentensi ndefu zaidi, unaacha nafasi. Msikilizaji hasikii shaba, anasikia wewe ulivyotulia. Kwa hiyo jamaa yangu akisema chombo chake kinampa sauti simbishii sana, ila sidhani kama kingenipa mimi hiyohiyo.

YAS-280 kwenye hilo naona imefaulu. Haikulazimishi tabia yoyote. Wako watakaosema haina "utu", na nawaelewa, ukitoka kwenye chombo cha zamani chenye vituko vyake hii unaiona kama ofisi iliyofagiliwa. Mi napenda hivyo. Sasa hivi nikisikia kitu kibaya kwenye rekodi zangu najua pa kutafuta.

Nani achukue: anayeanza, anayerudi baada ya kuacha muda mrefu, na hata mpigaji wa bendi anayetaka chombo cha kubeba kila mahali bila presha. Nani asubiri: kama tayari una alto isiyovuja, yenye tyuningi ya maana, usiiuze ili ununue hii ukitegemea sauti itabadilika, haitabadilika. Weka hela kwenye mausipisi moja nzuri, ujaribu kadhaa kabla ya kulipa, na uombe mtu mwingine asimame mbali akusikilize wakati unajaribu. Na ukishainunua, mausipisi ya kwenye boksi usiitupe, miezi ya mwanzo piga nayo noti ndefu kila siku, Meyer itakusubiri. Kabla hujapuliza bonyeza G shapu kwanza uone kama imenata, hiyo inanata kwenye saksafoni za kila aina, kipande cha karatasi laini chini ya pedi kinatosha.