Uzoefu wangu: miaka mitatu nauza leso ndani ya Second Life

Wenzangu, nimeulizwa sana hii habari, harusini, kwenye matatu, hata juzi kwenye feri ya Likoni dada mmoja kaona skrini ya simu yangu akaniuliza hiyo leso nzuri hivyo yauzwa wapi, ikabidi nimweleze kwamba haiuzwi Markiti wala haishikiki kwa mkono. Kwa hivyo bora niandike yote mara moja.

Mie nauza leso, yaani kanga, za kuvalishwa avata, yule mtu wa kuchorwa anayekuwakilisha kwenye skrini, ndani ya Second Life, dunia ya mtandaoni. Miaka mitatu sasa, niko hapa hapa Kibokoni, na nianze na lile ambalo kila mtu ataka kujua: ndio, inalipa. Si haraka na si nyingi, lakini inalipa, mwezi mzuri nimelipa kodi ya nyumba na mwezi mbaya nimepata bando na tokeni ya stima basi. Kuuza nimekuta si kugumu kama nilivyodhani. Kuitoa ile pesa mpaka ifike kwenye simu yako, hapo ndo pana kazi, na hapo ndo nilipoumia, ntafika.

Kwa wasioijua, Second Life ilifunguliwa 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco. Si gemu ya kushinda wala kupiga risasi, watu huingia wakakaa, wakajenga nyumba, wakavaa, wakaenda dansi, wengine hata hufunga ndoa mle ndani, na karibu kila unachokiona kimetengenezwa na watumiaji wenyewe, kuanzia viatu mpaka milango. Pesa yake ni Linden, na kuna soko lao rasmi la kubadilishia, LindeX, dola moja ya Marekani ni kama Linden 250 hivi, hupanda na hushuka kidogo. Biashara hii si ya jana. Mwaka 2006 mama mmoja anayejulikana mle kwa jina la Anshe Chung aliwekwa kwenye jalada la jarida la BusinessWeek kwa sababu ya kuuza na kukodisha ardhi ya humo, ardhi ambayo huwezi kuikanyaga, na mwaka uliofuata eBay walipopiga marufuku kuuzwa vitu vya kwenye magemu kwao, vya Second Life waliviruhusu viendelee. Nataja haya manake ami yangu mpaka leo adhani nacheza.

Mwanzo wangu nilikuwa nauza fulana za kawaida na sikuuza kitu, manake fulana mle ndani ziko maelfu kwa maelfu na nyingine hupewa bure. Siku moja niko Biashara Street na mama tunatafuta jozi ya leso ya kumpelekea mke wa kaka aliyejifungua, nimesimama mbele ya zile rafu, rangi mpaka darini, nikajiuliza mbona mle sijawahi kuona hata avata moja imejifunga leso. Nikarudi nyumbani nikatafuta, kulikuwa na vitambaa vimeandikwa vya Afrika, maua maua tu, hakuna pindo la kuzunguka, hakuna mji, ule mchoro wa katikati, hakuna jina, yale maneno yanayoandikwa. Hiyo si leso.

Jambo la kwanza nililoamua ni kutonakili. Ningeweza kupiga picha leso za mama, zile za Mali ya Abdulla ziko sandukuni tele, nikazipandisha kama zilivyo, na wako watu hufanya hivyo. Lakini ule mchoro kuna mtu kaukalia akauchora, ni mali yake, na mimi mwenyewe nikiibiwa mchoro nitalia. Kwa hivyo nachora mwenyewe, korosho, mananasi, majani ya mnazi, na majina nachukua yale ya zamani ya wote kama Japo sipati tamaa sikati, au mama anitungie.

Leso ya kwanza ilinichukua wiki mbili. Nilikuwa nimenunua nguo tupu kutoka kwa fundi mwengine mle ndani, nguo isiyo na rangi ambayo wewe wapaka mchoro wako, wanaziuza pamoja na leseni, na leseni husema waweza kuuza ulichopaka lakini usiuze ile tupu yenyewe. Nikabandika mchoro wangu, nikamvalisha avata, nikamwita mama aje aone. Mama akavaa miwani, akaangalia kimya, halafu akaniambia mwanangu, hii leso mbona imekatwa pindo? Nikatazama vizuri. Kweli, pale ubavuni upande wa kushoto ambapo nguo huungana ile mistari ya pindo ilikuwa haikutani, moja iko juu moja iko chini kama kidole kimoja hivi, na jina lilikuwa limeangukia mbele halafu nusu ya herufi zimejificha kwenye mkunjo. Mama akaenda ndani akaleta leso yake, akajifunga pale pale sebuleni, akageuka. Jina lasomeka nyuma, asema, mtu akikupita ndo akusome. Nikaanza upya.

Hapo ndo nikajua lazima nijifunze Blender, programu ya bure ya kuchonga maumbo, nishone mwenyewe. Miezi minne nimejifunza usiku baada ya kazi. Kinachosumbua si kuchonga, ni kuifunga nguo kwenye mifupa ya avata, akitembea isije paja likatoboa kitambaa, na juu ya hilo kila mwili wa avata una vipimo vyake, nguo ya mwili huu haikai kwenye mwili ule, sasa leso moja naishona mara tano. Mtu anayedhani ni kubonyeza kitufe aje akae na mie usiku mmoja.

Kuna kitu sikukijua mpaka mteja aliponifundisha. Unapoweka kitu sokoni wachagua mnunuzi aruhusiwe nini: kukinakili, kukibadilisha, au kumpa mtu mwengine. Nguo nyingi huuzwa anakili atakavyo lakini asimpe mtu, nami nikafuata hivyo hivyo bila kufikiri. Siku moja kaniandikia mwanamke kutoka Brazil, kanunua jozi, asema nimesoma kwenye kadi yako ya maelezo kwamba leso kwenu ni zawadi, yaja jozi, moja ya kujifunga moja ya kujitanda, nataka kumpa rafiki yangu ile ya pili, mbona yakataa? Wallahi nilinyamaza kwa muda. Naandika leso ni zawadi halafu nauza leso isiyozawadika! Tangu siku hiyo kila leso naitoa aina mbili, moja ya kunakili kwa anayejinunulia na moja ya kumpa mtu, hiyo haina nakala, ukishaitoa imetoka mikononi mwako kama leso ya kweli. Hiyo ya zawadi ndo huuza zaidi, hasa karibu na siku ya wapendanao na mwezi wa Disemba.

Gharama si kubwa ila ziko. Kupandisha picha ya kawaida ni Linden 10, kupandisha umbo la nguo bei yategemea uzito wake, umbo lenye vipande vingi ndo zito, kwa hivyo jifunze kuchonga nyepesi. Kwenye soko lao la mtandaoni wanakata asilimia 10 ya kila mauzo. Ukifungua duka mle ndani hukatwi lakini walipa kodi ya kibanda kila wiki, mie nilikuwa nacho nikakifunga, watu walikuwa wakipita hawaingii, sai niko sokoni tu na kwenye matamasha ya nguo. Hayo matamasha yanaleta wateja sana, ila saa yao ni ya California, sisi tuko mbele saa 10 au 11 kutegemea msimu, sherehe ya saa kumi na mbili jioni kule huku ni alfajiri, mara nyingi nimesikia adhana nikiwa bado nahudumia mteja. Na kunakula bando, kila unakotembea vitu vinashuka upya. Nyaya za baharini zimetua hapa hapa Mombasa tangu 2009 lakini ukiwa kwenye bando la simu kwenye nyumba ya kuta za matumbawe hiyo nyaya wala huisikii. Wekeni waifai ya nyumba kama mwaweza.

Haya, pesa. Njia ya sawa ni hii: unauza Linden zako LindeX, zinakuwa dola kwenye akaunti yako ya mle, unaomba zitumwe PayPal, wanakagua siku kadhaa, halafu kutoka PayPal waweza kuvuta mpaka M-Pesa, hiyo iko Kenya tangu 2018. Kuna ada ya kuuza na ada ya kutoa, na uangalie kiwango cha dola kabla hujabonyeza. Kwa hivyo usitoe kidogo kidogo, kusanya. Mie hutoa mara moja kwa miezi miwili. Na jina kila mahali liwe lile la kitambulisho.

Mwaka wa kwanza hizo ada ziliniuma nikafuata njia ya mkato. Kulikuwa na duka la kubadilishia, silitaji, wakijitangaza watumie Linden wao wakutumie M-Pesa siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza nikatuma kidogo, ikaja. Mara ya pili ikaja. Mara ya tatu nikatuma Linden 41,000, mauzo ya miezi mitatu, zaidi ya dola 160, nilikuwa nimeshaahidi karo ya mdogo wangu. Simu haikulia. Nikangoja mpaka usiku, nikaandika, yule wakala hakujibu, asubuhi akaunti yake haipo. Na Linden ukishamtumia mtu imekwenda saa hiyo hiyo, hairudi, na nje ya soko rasmi huna wa kumshtakia. Niliumia kwa ile pesa, lakini zaidi kwa zile nyusiku za kushona. Tafadhalini, yeyote akikwambia atakubadilishia haraka, mwache apite.

Watoto wa dada yangu huniuliza kwa nini siuzi Roblox, ile ya magemu ya watoto na vijana, ambako wenzao wote wako. Nimejaribu, ile karatasi yao ya kuchorea shati ni ya pikseli 585 kwa 559, ndogo mno kwa jina la leso kusomeka, na kutoa pesa lazima uwe umekusanya Robux, pesa ya kule, 30,000 za mauzo na uwe na miaka 13 au zaidi. Kijana mwenye subira aende, soko ni kubwa kushinda letu. Mie nimebaki nilipo manake wanunuzi wangu ni watu wazima wanaosoma ile kadi, na hurudi kuniuliza maana ya jina.

Sai niko kwenye kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono yenye vitundu vidogo vidogo. Wanaume wameniomba muda mrefu, kanzu ninayo tayari, kofia ndo imenishinda mpaka sasa kwa sababu vile vitundu vya vito ukivichora tu kofia yaonekana kama bakuli lililochorwa, na ukivichonga kimoja kimoja inakuwa nzito bei ya kuipandisha inaruka. Babu wa jirani, aliyekuwa akizishona mwenyewe, kanipa yake ya zamani niishike niitazame kwenye jua la dirishani, na nimeona kwamba mwanga hupita kwenye vitundu vya ubavuni tu, vya juu huwa vimezibwa na utosi. Kwa hivyo ntachonga vya ubavuni, vya juu nivichore. Wiki hii najaribu.