Excel kwa mkaguzi wa hesabu: COUNTIFS kwanza, mengine baadaye

Ukikabidhiwa faili la malipo lenye mistari laki mbili, huna sababu ya kusubiri programu maalumu ya ukaguzi ndipo uanze kazi. Excel inatosha kuanzia, na kwa maswali mengi inatosha hata kumalizia. Natumia Excel kila siku kukagua ankara, malipo na mishahara, kwa hiyo mapitio haya ni ya upande huo tu: kusaka kisichokaa sawa.

Amri ninayoipa nafasi ya kwanza ni COUNTIFS, inayohesabu mistari inayotimiza masharti yote uliyoipa. Wengi husaka malipo yaliyolipwa mara mbili kwa kulinganisha namba za ankara, na hapo ndipo mengi hupenya. Namba hiyo huingizwa na mkono wa mtu: hapa INV-0457, pale INV0457, kwingine herufi O imekaa mahali pa sifuri. Kwa kompyuta hizo ni ankara tatu. Basi iache kando. Kama safu C ina namba ya msambazaji na safu E ina kiasi, andika =COUNTIFS(C:C,C2,E:E,E2), ishushe hadi mwisho, kisha chuja kila kilichozidi 1. Utaletewa kodi ya pango ya kila mwezi na malipo mengine halali yanayojirudia, lakini hayo unayaondoa haraka ukiitazama tarehe. Ukibaki na jozi ya msambazaji yuleyule, kiasi kilekile hadi senti, ankara zinazotofautiana kwa kistari tu, jozi hiyo ndiyo ya kwenda kuiombea hati.

Kwenye mishahara amri hiyohiyo inafichua majina mawili yanayolipwa kwenye akaunti moja ya benki, na mara nyingi uchunguzi wa wafanyakazi hewa huanzia hapo. Ila kuna mtego ambao kila mkaguzi anapaswa kuujua. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Namba ya akaunti yenye tarakimu 16 au zaidi ikiingia kama namba, za mwisho hugeuzwa sifuri. Hata ukiiingiza kama maandishi, COUNTIFS huisoma kama namba inapolinganisha, na akaunti mbili tofauti huonekana ni moja. Fikiria kumtuhumu mtu kwa sababu hiyo! Dawa yake ni ndogo: ingiza safu hiyo kama maandishi, tengeneza safu ya pembeni kwa ="K"&B2, halafu hesabu kwenye safu hiyo ya pembeni. Herufi moja mbele inamaliza tatizo.

Amri nyingine hazihitaji maelezo marefu. WEEKDAY(A2,2)>5 inaonyesha miamala iliyoingizwa Jumamosi na Jumapili. MOD(E2,1000)=0 inatoa viwango vya mviringo, yaani maelfu kamili yasiyo na chenji, ambavyo kwenye ankara halisi zenye kodi si vya kawaida. Kwa hundi au stakabadhi zinazopaswa kufuatana, zipange kwa namba kisha toa ya juu kutoka ya chini. Jibu likizidi 1 kuna karatasi haipo. SUMIFS, inayojumlisha kiasi cha mistari inayotimiza masharti, ndiyo inayostahili muda zaidi katika kundi hili. Kama meneja anaidhinisha hadi 5,000,000 peke yake, jumlisha malipo ya kila msambazaji kwa kila siku. Malipo matatu yaliyo chini ya kikomo, ya siku moja, kwa mtu mmoja, yakizidi kikomo kwa jumla, yanadai maelezo kutoka kwa aliyeyaidhinisha.

Kipimo cha Benford, kinachotazama tarakimu ya kwanza ya kila kiasi, nakipenda, lakini kimepewa sifa kuliko kazi yake. Simon Newcomb aliliona jambo hili mwaka 1881 na Frank Benford akalieleza kwa takwimu nyingi mwaka 1938: katika aina nyingi za takwimu, namba zinazoanza na 1 ni karibu asilimia 30.1, zinazoanza na 9 ni asilimia 4.6 tu. Kwenye Excel ni =LOG10(1+1/d) kwa kila tarakimu d kuanzia 1 hadi 9, unalinganisha na ulichonacho. Kwa malipo maelfu mengi ya ukubwa tofauti kinafaa. Kwa ada zilizopangwa au posho za viwango maalumu hakina maana, na tofauti inayojitokeza haithibitishi wizi. Inakuelekeza pa kuanzia tu.

Udhaifu mkubwa wa Excel kwa kazi hii ni kwamba haikulindii data. Mtu akibadilisha seli kwa bahati mbaya, au akipanga safu moja na kuziacha nyingine, ushahidi umeharibika bila wewe kujua. Programu maalumu za ukaguzi kama IDEA na ACL haziruhusu data ya asili iguswe, na huandika kila hatua. Power Query, zana ya kuingiza na kusafisha data iliyomo ndani ya Excel, inapunguza pengo hilo sana kwa kuwa huhifadhi hatua zote na kuliacha faili la asili lilivyo. Nashangaa wakaguzi wengi hawaifungui kabisa.

Kabla ya amri yoyote, linganisha jumla na leja. SUM huvipita kimya viwango vilivyohifadhiwa kama maandishi, kwa hiyo weka COUNT (huhesabu seli zenye namba tu) na COUNTA (huhesabu kila seli yenye kitu) chini ya safu ya kiasi. Zikitofautiana, kuna pesa ambayo haikuhesabiwa. Hesabu mistari pia. Karatasi moja inabeba 1,048,576, na muundo wa zamani wa XLS 65,536 tu. Mwaka 2020 huko Uingereza, karibu majibu 16,000 ya vipimo vya korona yaliachwa nje ya hesabu kwa sababu ya kikomo hicho cha XLS.

Asiye na leseni atumie LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure. COUNTIFS, SUMIFS, WEEKDAY, MOD na LOG10 zote zimo.