Filta ya kuning'inia yenye katriji: pampu nzuri, maelekezo mabovu

Filta hizi ndogo zinazoning'inizwa ukingoni mwa tangi la samaki, ambazo mara nyingi huja pamoja na tangi la lita 40 hadi 80, zina pampu ya kuaminika. Hazina makelele, hazili umeme mwingi, na mtoto anaweza kuzifungua. Kinachoziharibia jina ni sentensi moja kwenye boksi: badilisha katriji (kile kifuko cha kitambaa chenye mkaa kinachochuja maji) kila baada ya wiki 4. Anayeitii sentensi hiyo atakuta amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kwenye kipimo kila mwezi bila kujua inatoka wapi.

Inatoka pale pale alipoitupa katriji. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, hawaelei majini kwa wingi wa kutosha; hujishika kwenye uso wa vitu vinavyopitiwa na maji yenye oksijeni. Ndani ya filta hii kitu chenyewe ni kitambaa cha katriji, basi. Kundi jipya huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kujijenga, kwa hiyo katriji inatupwa siku zile zile inapoanza kufaa. Kipindi cha wiki 4 kinauhusu mkaa uliomo ndani, ambao kweli huchoka upesi, lakini kazi ya mkaa ni kuondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Amonia haiushughulishi.

Dawa yake ni rahisi. Chukua sponji ya akwariamu yenye matundu ya wastani, ikate ienee upana wote wa kisanduku ili maji yasipate njia ya pembeni, na juu yake weka vipande vya kauri ndani ya mfuko wa wavu kama nafasi ipo. Katriji ya zamani usiitoe siku hiyo. Ibanwe ubavuni mwa sponji kwa wiki 6. Ikikosa nafasi, ichane, mwaga mkaa, sukumia kitambaa kitupu nyuma ya sponji. Kuanzia hapo hakuna cha kununua tena kwa muda mrefu, na pengine ndiyo maana boksi halisemi hivyo.

Sponji huoshwa ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa tangini, kwa kuikamua mara mbili tatu. Ikibaki ya kahawia, sawa. Anayeisugua chini ya bomba lenye klorini mpaka ing'ae amerudi mwanzo kabisa.

Kasoro ya pili ya muundo huu ni kwamba hauonyeshi kuwa umeziba. Katriji ikijaa uchafu, maji hupanda na kupita juu yake, na maporomoko ya mbele yanaendelea kupendeza huku hakuna kinachochujwa. Inua kifuniko uangalie maji yanapita wapi. Kisha pima mkondo: kinga jagi la lita 1 mdomoni mwa filta na uhesabu sekunde. Sekunde 20 ni lita 180 kwa saa. Namba ya kwenye boksi hupimwa filta ikiwa tupu, kwa hiyo kwa tangi la lita 60 tafuta iliyoandikwa lita 300 hivi, ukijua utapata pungufu.

Mkondo ukishuka ghafla na sponji ni safi, chomoa umeme kwanza, kisha toa impela, yaani kipanga chenye sumaku kinachosukuma maji. Mara nyingi sumaku yake imevishwa ute mweusi, au kuna konokono wa ukubwa wa punje ya mtama amekwama kwenye panga. Sugua sumaku na tundu lake kwa kiburashi chembamba. Ikiendelea kuunguruma baada ya hapo, ama imemeza hewa kwa sababu kina cha maji kimeshuka, ama kijiti cha impela kimelika.

Umeme ukikatika, aina nyingi hazivuti maji zenyewe mpaka kisanduku kijazwe kwa mkono. Na ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyobaki ndani huishiwa oksijeni na bakteria huanza kufa. Yamwage, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Kuna amonia isiyohusiana na filta. Pima maji ya bomba peke yake: yakiwa na kloramini (klorini iliyoungana na amonia), dawa ya kuondoa klorini huivunja na kuacha amonia. Dawa zinazoifunga amonia hiyo zinasaidia samaki, ila vipimo vingi vya matone bado vitaisoma, hivyo miligramu 0.5 kwa lita mara tu baada ya kubadilisha maji si lazima iwe hatari. Angalia pia pH, kipimo cha uchachu wa maji. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, sehemu ya amonia yenye sumu haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 ni zaidi ya asilimia 5. Upande wa pili, pH ikishuka chini ya 6 bakteria hupooza hata kama filta haina kasoro. Hapo usibadilishe nusu ya tangi kwa mkupuo mmoja, kwa maana pH itaruka na amonia iliyokuwa tulivu itageuka sumu. Badilisha asilimia 10 kwa siku. Kwenye pH ya kawaida, amonia ikifika miligramu 1 kwa lita, toa nusu ya maji, punguza chakula, na uchokoe chini ya mawe kutafuta samaki aliyekufa.

Kwa samaki wadogo wachache tunaipa nyota 3 ikiwa na katriji yake, 4 ikiwa na sponji. Kwa samaki wa dhahabu, ambao huchafua maji kupita kiasi, haitoshi hata ikitengenezwa. Unaponunua, chagua yenye kisanduku kilicho wazi badala ya mfereji mwembamba unaopokea katriji ya kampuni peke yake, na hakikisha impela yake huuzwa kando.